Namba za Kisanduku cha Shangazi

Siku Shangazi alipoanguka jikoni, mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ndani, na funguo zote mbili za nyumba ile zilikuwa humo humo pamoja naye. Mmoja ulikuwa kwenye kitasa, mwingine kwenye pochi yake juu ya kabati. Mtoto wa kaka yake, mwanamke ambaye watu walimwita Miwani kwa sababu alifanya kazi kwenye duka la miwani, alisimama nje akiita, akawa anamsikia akijibu kwa sauti ndogo kama ya mtu aliyefunikwa mto. Ikabidi aitwe seremala wa mtaa wa pili aje kuvunja mlango. Hata pale alipokuwa amelala sakafuni, shavu moja kwenye maji yaliyovuja kutoka kwenye friji, Shangazi alimfokea seremala kwamba apige penye kitasa, asiharibu mbao.

Mfupa wa nyonga ulikuwa umepata ufa. Alikaa hospitali hadi akachoka na wauguzi wakachoka naye, kisha akarudishwa nyumbani na fimbo ya miguu minne na onyo kwamba asijaribu kuinama. Kituo cha afya kilimpa muuguzi wa kumtembelea kila asubuhi: mama wa makamo, mpole, mwenye viatu visivyo na kishindo na mkoba mkubwa wa bluu. Muuguzi huyo ndiye aliyelianzisha suala la ufunguo.

"Mimi nikibisha hodi na mama hawezi kuinuka, nifanyeje?" alimuuliza Miwani wakiwa barazani. "Nimwite seremala kila siku?"

"Nikupe ufunguo ukae nao."

"Hapana. Sisi hatukai na funguo za wagonjwa. Kitu kikipotea, wa kwanza kuulizwa ni mimi." Akamweleza kwamba siku hizi kuna visanduku vya chuma vya kufunga ukutani, nje ya nyumba. Ufunguo wa akiba unakaa ndani, na kisanduku kinafunguka kwa namba za siri. Hata watu wa gari la wagonjwa wakija, wanapigiwa simu na kutajiwa namba, wanaingia bila kuvunja kitu.

Shangazi alikuwa kitini sebuleni, lakini masikio yake hayakuwa na ufa wowote.

"Kwa hiyo ufunguo wangu ulale nje," alisema, "na mimi nilale ndani."

Alikuwa amefanya kazi hotelini ujana wake wote, na kwa muda mrefu ndiye aliyeshika stoo ya mashuka. Mashuka yalitoka kwake na kurudi kwake. Taulo ikipungua, alijua ni ghorofa ipi. Kazi ile ilimwachia mgongo ulionyooka, mikono isiyovumilia kitambaa kilichokunjwa ovyo, na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumwondolea: kwamba watu huchukua. Si wabaya, alikuwa akisema, ni watu tu, na watu huchukua.

Baba yake Miwani alipofariki, Shangazi ndiye aliyewalea yeye na kaka yake. Kaka huyo aliitwa Tai, kwa sababu tangu alipoajiriwa kwenye kampuni ya bima hakuna aliyemwona bila tai shingoni, hata kwenye mazishi ya watu asiowajua. Shangazi alijivunia tai ile kuliko mwenye nayo. Wageni walipokuja, mazungumzo yangezunguka wee, mwisho yangefika kwa "kijana wangu wa bima".

Basi Jumamosi wakaenda watatu kununua kisanduku. Miwani alitaka waende wawili tu, Shangazi apumzike, lakini Shangazi alikuwa ameshavaa.

"Mlango ni wangu," alisema. "Siwezi kuchaguliwa kufuli kama mfungwa."

Duka la kufuli lilikuwa dogo na lilinuka grisi. Muuza duka, mwanamume mwembamba mwenye penseli sikioni, aliweka visanduku vitatu kwenye kaunta. Cha kwanza kilikuwa chepesi, chenye magurudumu madogo ya namba. Shangazi alikichukua, akakitikisa karibu na sikio, akakibonyeza ubavuni kwa kidole gumba.

"Hili ni kopo la samaki," alisema, akakirudisha.

Cha pili kilikuwa kizito, chuma kinene, na vitufe vya namba vilivyofunikwa kwa kifuniko cha mpira ili mvua isiingie. Kinafungwa ukutani kwa skrubu nne ndefu ambazo vichwa vyake vinabaki ndani, mtu hawezi kuvifikia mpaka afungue. Cha tatu kilifanana na cha pili, ila kilitumia betri na kiliunganishwa na simu. Kila kinapofunguliwa, muuza duka alieleza, ujumbe unaingia kwenye simu ya mwenyewe: kimefunguliwa saa fulani, kwa namba ya fulani.

"Hiki hapa," alisema Miwani mara moja. "Tutajua muuguzi kaja saa ngapi, tutajua kila kitu."

Tai alitikisa kichwa. Alikishika kile cha simu akakigeuza nyuma na mbele kama mtu anayetafuta ugonjwa. "Hivi navijua. Ofisini tunaletewa malalamiko kila siku. Betri inakufa, mtandao unakatika, gari la wagonjwa linafika, watu wanasimama nje wanaangaliana. Chukua cha vitufe. Chuma ni chuma."

"Lakini hiki kina vitufe pia, kaka," muuza duka alisema. "Betri ikiisha..."

"Ndugu yangu, mimi niko kwenye bima," Tai alimkata, kwa upole lakini kwa namna ya kufunga mjadala.

Miwani alimtupia jicho. Kaka yake hakuwa mtu wa kubishana madukani. Kwa kawaida angelipa, angetania, angeondoka. Sasa jasho jembamba lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na duka halikuwa na joto.

Shangazi yeye alikuwa anamwangalia muuza duka. "Na wewe namba utaijua?"

"Hapana mama. Unaipanga mwenyewe nyumbani. Mimi sitaijua, wala aliyekitengeneza hataijua."

"Ndivyo mnavyosema."

Wakachukua kile cha pili. Shangazi aliwasikiliza wote wawili, na mwisho alimsikiliza aliyevaa tai.

Kisha ukaja ubishi wa mahali. Tai alitaka kiwe ukuta wa ubavuni, nyuma ya tangi la maji, ambako mpita njia hawezi kukiona. Miwani alisema watu wa gari la wagonjwa nao hawatakiona. Wakakubaliana ubavuni, lakini upande huu wa tangi, usawa wa kifua. Fundi akatoboa ukuta, akafunga skrubu, akaondoka. Shangazi akaomba wote waingie ndani. Alibaki peke yake ukutani na fimbo yake, akapanga namba. Aliporudi, alimwita Miwani, akamnong'oneza sikioni. Akamwita Tai, akamnong'oneza. Asubuhi iliyofuata akamnong'oneza muuguzi. Aliwakataza wote watatu kuiandika popote.

Majuma ya mwanzo yalikwenda vizuri. Muuguzi alikuja, akabonyeza vitufe, akaingia na salamu yake ya taratibu, akampima shinikizo la damu, akamsaidia kuoga, akaondoka kabla jua halijawa kali. Mchana Shangazi alilala kidogo. Na siku mbili katika juma teksi ilimpeleka kituo cha afya kufanya mazoezi ya mguu.

Jioni moja Miwani alipopita kumwona baada ya kazi, alimkuta amesimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, chumba cha wageni ambamo wageni hawakuwahi kufika.

"Kitanda hiki kimelaliwa," Shangazi alisema.

Miwani aliangalia. Aliona shuka jeupe limetandikwa, mto umekaa mahali pake. "Mbona kiko sawa?"

"Angalia kona." Akainyooshea fimbo. "Mimi kona naikunja mara mbili, naiingiza chini. Hiyo imesukumwa tu kwa mkono, kama mtu anayeficha kitu. Na hapo katikati pamebonyea."

Miwani hakuona pa kubonyea. Alimwangalia shangazi yake usoni, kama alivyowaangalia wateja wanaosema wanasoma herufi huku wanabahatisha. Ndani yake akajisemea: yameanza. Akamtengenezea chai, akaongea mambo mengine.

Lakini juma lililofuata ilikuwa glasi iliyooshwa na kuinamishwa juu ya kitambaa, na Shangazi hainamishi glasi. Halafu mkate uliopungua. Halafu, jioni moja ambayo Miwani mwenyewe alifungua kisanduku, akaukuta ufunguo umewekwa meno yakiangalia juu, wakati yeye alipopita adhuhuri, muuguzi ameshaondoka, aliuweka yakiangalia chini. Alisimama pale ubavuni mwa nyumba, kifuniko cha mpira mkononi. Hapo ndipo alipoacha kufikiria habari za uzee.

"Nimekwambia nani anajua namba," Shangazi alisema. "Wewe, kaka yako, na yule wa mkoba."

"Muuguzi anakuja asubuhi, Shangazi. Wewe upo."

"Anakuja asubuhi tunayoijua."

Neno hilo lilimkaa Miwani kama mwiba. Alianza kufika asubuhi kabla ya kazi, kwa visingizio. Mara kaleta maziwa, mara kasahau mwavuli. Akawa anamtazama muuguzi anavyofungua makabati, anavyokunja taulo, anavyoangalia saa. Kila alichokifanya yule mama kilikuwa kinafanana na kile ambacho mwizi angefanya, kwa sababu mwizi mwerevu naye angekunja taulo vizuri. Siku moja, muuguzi alipoondoka, Miwani alibandika uzi mwembamba kwa gundi kutoka kwenye kifuniko cha kisanduku hadi ukutani. Jioni uzi ulikuwa umekatika.

Asubuhi iliyofuata hakwenda kazini. Alimngoja sebuleni.

"Jana ulirudi hapa mchana?" alimuuliza, hata salamu hazijaisha.

Muuguzi alimwangalia, akamwangalia Shangazi. "Sikurudi. Kuna nini?"

"Kuna mtu anaingia humu. Anakula, analala kitandani. Namba mnaijua watu watatu."

"Na wawili ni ndugu," muuguzi alisema polepole, "kwa hiyo nimebaki mimi."

Hakupandisha sauti. Aliuweka mkoba wa bluu juu ya meza, akaufungua, akaanza kutoa kimoja kimoja: mashine ya shinikizo, glavu, bandeji, chupa ya maji, kanga iliyokunjwa, chakula chake cha mchana kwenye bakuli lenye mfuniko. Akaupindua mkoba, akaukung'uta. Vumbi la biskuti likamwagika mezani.

"Sikukwambia ufungue," Miwani alisema, uso ukimchoma.

"Hukusema. Lakini ulikuwa unautazama tangu juzi." Akaanza kurudisha vitu, kwa mpangilio ule ule. "Mama nimwogeshe leo, kwa sababu ndiyo kazi yangu na hana kosa. Kesho mtaletewa mwingine. Na hiyo namba yenu badilisheni. Sitaki kuijua."

Akamwogesha Shangazi kama kawaida. Alipoondoka, aliufunga mlango kwa uangalifu hata haukulia.

Namba ikabadilishwa siku hiyo hiyo. Kituo cha afya kilisema muuguzi mwingine atapatikana, wawe na subira, na kwa kuwa hakuwepo bado, Miwani akawa anakuja mwenyewe alfajiri kumwosha shangazi yake, kisha anakimbilia dukani. Namba mpya walijua yeye na Tai tu. Miwani akampigia Tai simu, akamsimulia habari ya mkoba.

"Alikasirika?" Tai aliuliza.

"Hakukasirika. Afadhali angekasirika."

"Basi. Yamepita," Tai alisema, na akakata simu.

Hayakupita. Siku ya mazoezi, Shangazi aliporudi na teksi, alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Miwani alipofika jioni hakukuta chai wala taa ya sebuleni. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, fimbo imelala magotini.

"Kimelaliwa tena," alisema.

Miwani akaketi.

"Muuguzi hayupo," Shangazi aliendelea. "Namba ni mpya. Mmebaki wewe na kaka yako. Kaka yako yuko ofisini mchana. Duka lenu liko mtaa wa tatu kutoka hapa."

Ilimchukua Miwani muda kuelewa anachoambiwa. "Shangazi. Mimi nije kulala kitandani kwako kwa kujificha? Kwa nini?"

"Sijui. Ndiyo nakuuliza. Au mnataka nijione nimerukwa na akili, nitie sahihi niende kwenye nyumba ya wazee, ninyi mbaki na hii. Nimeona watu wakifanyiwa hivyo."

Hakulia wala hakufoka. Alisema kama mtu anayesoma idadi ya foronya. Miwani alitoka bila kuaga, na njia nzima alikuwa anajibu maneno yale kwa sauti, peke yake, watu wakimpisha.

Usiku ule hakulala vizuri. Kila alipofumba macho alimwona kaka yake dukani, jasho juu ya mdomo, akikigeuzageuza kile kisanduku cha simu. Kulipokucha alipiga simu kwenye kampuni ya bima, akajifanya mteja, akaomba kuzungumza na kaka yake kwa jina na cheo chake. Msichana wa mapokezi alimuuliza kama ana uhakika na jina. Kisha akasema bwana huyo hayupo pale tena, ameondoka kitambo, je, amuunganishe na mwingine?

Miwani akabaki ameshika simu. Kitambo, msichana yule alisema. Na kila asubuhi kaka yake alikuwa anatoka nyumbani kwake amevaa suti.

Siku ya mazoezi ilipofika tena, aliomba ruhusa dukani. Alisubiri teksi ya Shangazi iondoke, akaingia, akaufungua mlango wa uani, akatoka na kufunga wa mbele, akaurudisha ufunguo kisandukuni, kisha akapitia mlango wa uani na kuufunga kwa ndani. Akaketi kwenye kiti katika chumba cha nyuma. Nyumba isiyo na mtu ina sauti nyingi kuliko yenye watu. Friji lilikohoa, bomba likadondosha maji, na Miwani alishtuka kwa kila kimoja. Alijiuliza atafanya nini kama atakayeingia si ndugu yake. Hakuwa na hata fimbo.

Akasikia vitufe vikibonyezwa nje, kimoja baada ya kingine, bila kusita. Ufunguo ukaingia kitasani. Hatua hazikusikika, kwa sababu aliyeingia alikuwa amevua viatu. Mlango wa chumba ukasukumwa, na Tai akasimama pale, viatu mkono mmoja, koti mkono mwingine, tai imelegezwa.

Walitazamana.

"Umekuja kulala," Miwani alisema.

Tai aliketi ukingoni mwa kitanda kama mzigo uliokatwa kamba. Kampuni ilipunguza watu, alisema, kabla hata Shangazi hajaanguka. Mkewe hajui. Alidhani atapata kazi nyingine haraka, kwa hiyo akaendelea kutoka asubuhi kama kawaida. Amekaa kwenye vituo vya mabasi, kwenye maktaba, kwenye bustani ya hospitali akijifanya anamngoja mgonjwa. Kila mahali baada ya muda mlinzi anaanza kumwangalia. Huwa anakuja hapa Shangazi akiwa kwenye mazoezi, na siku nyingine akiwa amesinzia mchana.

"Ndiyo maana ulikataa kile cha simu."

"Sikuwa nimepanga," alisema, kisha akatazama sakafu. "Labda nilikuwa nimepanga. Nilijua tu kwamba nataka kuwe na mlango mmoja ambao hauniulizi."

Miwani alitafuta hasira akaikuta, lakini imechanganyika na kitu kingine kisichokuwa na jina. Akamwambia wamngoje Shangazi. Tai alivaa viatu, akakaza tai, akataka kuondoka. Miwani akasimama mlangoni.

Teksi ilipowarudishia Shangazi, alisikiliza yote akiwa amesimama, ameegemea fimbo, na hakuna aliyethubutu kumwambia aketi. Tai aliongea huku anaangalia vifungo vya gauni lake. Alipomaliza, Shangazi alivuta pumzi.

"Kulala umelala," alisema. "Mkate umekula. Kazi umepoteza, si wewe wa kwanza. Lakini yule mama alimwaga mkoba wake juu ya meza hii. Dada yako alikusimulia?"

"Alinisimulia."

"Ukasema nini?"

Tai alishika fundo la tai yake.

"Ukasema nini, mwanangu?"

"Nilisema yamepita."

"Basi hapo ndipo ulipochukua," Shangazi alisema. "Si kwenye mkate."

Kisha akaketi, na ghafla akaonekana mzee kuliko siku aliyotolewa hospitali. Aliomba maji. Tai alimletea, akaipokea glasi tupu.

Siku iliyofuata ndugu wawili walikwenda kituo cha afya. Muuguzi aliwapokea kwenye korido, hakuwaingiza ofisini. Miwani aliomba radhi kwanza, Tai akafuata, akasema kila kitu bila kujitetea, wagonjwa kwenye benchi wakisikiliza. Muuguzi aliwasikia mpaka mwisho.

"Asanteni kwa kuja," alisema. "Wengine huwa hawaji. Nimewasamehe."

"Shangazi anauliza kama utarudi," Miwani alisema.

"Mwambieni namsalimia, na aendelee kunyoosha goti. Kwenu sirudi. Nikiingia tena, kila kijiko kitakapokosekana nitajiuliza mnaniwazia nini, nanyi mtajiuliza. Hiyo si kazi." Akawapa mkono, akarudi kwa wagonjwa wake.

Jioni hiyo Tai alimweleza mkewe. Hata robo saa haikupita, simu ya Miwani ikaita. Wifi yake hakulia. Aliuliza kama ni kweli mume wake alikuwa akishinda kwa shangazi yake. Miwani akasema ni kweli, amemkuta mwenyewe. Peke yake? Peke yake. "Na wewe," wifi aliuliza, "umelijua hili tangu lini?" Miwani akamweleza tangu mwanzo, uzi na mkoba na simu ya bima, akisikia upande wa pili pumzi ya mtu anayepima kila neno. Wifi alishukuru, akaaga. Ilichukua miezi kabla hajamwita tena kwa jina walilokuwa wakitaniana nalo.

Tai alipata kazi baadaye, ndogo kuliko ile ya kwanza, kwenye ofisi ya kukata tiketi ambako hakuna anayevaa tai. Kabla ya hapo alikuwa akija kwa Shangazi mchana, waziwazi, akibisha hodi na kungoja nje mpaka mwenye nyumba ajikokote na fimbo yake kumfungulia. Hakuna aliyemharakisha. Muuguzi mpya naye alipatikana, kijana mwenye kelele aliyeimba akimwogesha. Shangazi alimwambia Miwani kuwa anavumilia tu.

Miwani alikaa na neno lake siku nyingi. Mwisho, wakiwa wawili wanakunja mashuka kwenye meza ya sebuleni, akalitoa.

"Shangazi, kweli ulinidhania mimi?"

Shangazi alilinganisha ncha mbili za shuka, akazivuta zinyooke.

"Nilimdhania kila mtu. Wewe ulikuwa wa mwisho."

"Tulikuwa tumebaki wawili."

"Basi," Shangazi alisema, akimpa upande wake wa shuka. "Wa mwisho kati ya wawili. Vuta, usilegeze."

Miwani akavuta. Hakucheka, ingawa alikaribia, na mikono yake ilibaki imelishika shuka lile kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.